Macho ya Watoto na Soni ya Mwalimu Mgeni

Mwanachuo aingiapo darasani kwa mara ya kwanza katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu huwa amejiandaa vizuri. Andalio la somo limekwisha kusahihishwa, azimio la kazi limo mkobani, vijiti vimefungwa kumi kumi, na chaki ipo mkononi. Chuoni amekwisha kufundishana na wenzake kwa vipindi vifupi, mmoja akiwa mwalimu na waliosalia wakijifanya watoto. Lakini ageukapo na kukuta macho ya watoto hamsini au sabini yamemwelekea, yote aliyoyaandaa humtoka. Huanza kuisikia sauti yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mikono, ambayo miaka yote ilikuwa mikono tu, huwa mizigo asiyojua aitue wapi. Huvuta shati, hupangusa ubao usio na maandishi, na somo la kipindi kizima humwishia katika dakika kumi na tano.

Katika makala haya nataka tulitazame jambo hilo, ambalo vitabu vya mbinu za kufundishia hulipita upesi kwa kumtaka mwalimu ajiamini. Agizo hilo ni jepesi kulitoa na gumu kulitekeleza. Mtu ambaye tayari anaishughulikia nafsi yake, ukimwambia ajiamini, umemwongezea shughuli ileile. Sasa atajitazama ili aone kama anajiamini, na akiona hajiamini atafadhaika mara mbili. Maoni yangu, baada ya kukaa nyuma ya madarasa mengi nikiwaangalia wanachuo, ni kwamba soni hii haiondoki kwa kupigana nayo. Huondoka mwalimu anapopata kitu kingine cha kutazama, na kitu hicho ni kazi ya mtoto.

Lugha yetu ina maneno yanayokaribiana hapa, wala si vyema kuyachanganya. Haya ni adabu. Mwenye haya huchunga ulimi na macho yake kwa ajili ya heshima ya wengine, na mwalimu asiye na haya hafai kukabidhiwa watoto. Aibu humjia aliyetenda lisilofaa, au aliyetendewa. Woga humpata aonaye hatari. Hali ninayoizungumzia ni nyingine. Ni ile ya kujiona kwa macho unayodhani ni ya wengine, ukawa unatenda na papo hapo unajitazama ukitenda. Vijana wana neno lao la mitaani, kujishtukia, na ingawa halionekani sana katika maandishi rasmi, naona linafaa kuliko mengine tuliyonayo, maana mtu huyo kwa kweli hushtushwa na nafsi yake mwenyewe.

Nitaeleza yaliyonipata mimi nilipokuwa mwanachuo. Nilipangiwa Darasa la Tatu katika shule moja ya kijijini. Lugha ya nyumbani kwetu haitenganishi sauti ya r na ya l, na wenzangu chuoni walikuwa wakinitania kwa sababu hiyo. Utani wa kawaida, nami nilikuwa nikicheka pamoja nao. Lakini mbele ya watoto utani ule ulinirudia. Nilifundisha nikichagua maneno yasiyo na r, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Katika Hisabati mawe hayo hayatoshi. Siku ya tatu nilihitaji kusema "tarakimu", na nilichosema kilikuwa "talakimu". Papo hapo msichana mmoja wa dawati la tatu alicheka, akaziba mdomo kwa mkono. Nikamwuliza kinachomchekesha. Hakujibu. Nikamwamuru asimame nje hadi kipindi kiishe.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mama wa makamo aliyefundisha miaka mingi. Hakusema neno mbele ya watoto. Wakati wa mapumziko alinikuta chini ya mti, nikamwamkia, naye baada ya kuitikia aliniambia, "Mwanangu, yule mtoto hakukucheka wewe. Mjusi kafiri aliwaangukia dawatini, mwenzake akaruka." Kisha akaongeza, bila dhihaka yoyote, kwamba kama nimeona haya kwa ajili ya talakimu, nisikilize vizuri, kwani nusu ya darasa husema hivyo hivyo.

Lililonikaa moyoni hata leo si mjusi wala matamshi. Kabla ya siku hiyo msichana yule alikuwa wa kwanza kunyosha mkono. Katika majuma yote yaliyosalia hakuunyosha tena hata mara moja. Nami sikumwomba radhi. Nilidhani mwalimu akimwomba mtoto radhi atashuka hadhi, na mimi, kwa nilivyojiona, sikuwa na hadhi ya kupunguza. Hivyo soni iliyonifanya nimtoe nje ndiyo iliyonizuia kumrudisha. Wanachuo huniambia mara nyingi kwamba kujishtukia ni taabu ya mtu binafsi, atavumilia mwenyewe mpaka imwishe. Sikubaliani nao. Mwalimu anayejitazama huwadhuru watoto, kwa sababu kila sauti ya darasani huisikia kama habari zake.

Wataalamu wa saikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 2000 Thomas Gilovich, Victoria Medvec na Kenneth Savitsky walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye vijana wale wangeona haya kuonekana wamemvaa kifuani. Akaingizwa katika chumba walimokaa wenzake, akakaa kidogo, kisha akatolewa na kuulizwa ni wangapi kati yao wanaoweza kutaja aliyekuwa katika fulana ile. Wavaaji walikisia karibu nusu. Waliouliza ndani ya chumba walipata karibu robo tu. Yaani mvaaji alidhani macho yanayomwona ni mara mbili ya yale yaliyomwona kweli.

Mwaka 2003 Savitsky na Gilovich walitoa taarifa nyingine inayotuhusu zaidi. Watu waliotakiwa kutoa hotuba huamini kwamba wasikilizaji wanaona wazi jinsi wanavyotetemeka ndani, lakini wasikilizaji huona kidogo kuliko wanavyodhani. Wahutubu wengine walielezwa ukweli huo kabla ya kusimama. Nao, kwa kulijua hilo tu, walizungumza vizuri zaidi, kwa maoni yao wenyewe na kwa maoni ya waliowasikiliza. Ndiyo maana nakueleza wewe unayejiandaa kwenda shuleni: moyo wako unaodunda hausikiki dawati la nyuma.

Yaweza kusemwa kwamba watoto si kama wanafunzi wa chuo kikuu. Wao huona kila kitu, na hukisema. Ni kweli. Mtoto wa miaka tisa ataona kwamba kiatu chako kimeachia soli, na huenda akakuambia. Lakini huliona hilo kama anavyomwona ndege aliyetua dirishani. Hulitazama, hulisema, huliacha. Anayebaki na soli ile hadi jioni ni wewe.

Frances Fuller wa Chuo Kikuu cha Texas alichapisha mwaka 1969 makala iliyoeleza mambo yanayowahangaisha walimu tangu wanapoanza. Kwanza mwalimu mgeni huhangaika na nafsi yake: Je, watanipenda? Je, nitalimudu darasa? Mwangalizi atasemaje? Baadaye mahangaiko huhamia katika wanafunzi: Je, wamejifunza? Kwa nini huyu hakuelewa? Makala ile husomwa hata leo katika elimu ya ualimu, na mimi naikubali, ila nina neno moja. Mtu asidhani kwamba ukishapanda kutoka hatua ya kwanza hurudi tena. Mimi nina miaka kadhaa kazini, lakini mgeni mwenye daftari anapoketi nyuma ya darasa langu hujikuta nikivuta shati. Tofauti ni kwamba sasa naijua njia ya kutokea, nayo nitaieleza kwa mfano wa somo.

Tuchukue kutoa ambako hapana budi kuvunja kumi moja. Mwalimu ameandika ubaoni 52 − 27, na mtoto mmoja ameandika jibu 35. Mwalimu anayejishtukia huliona jibu hilo kama hukumu juu yake: nimefundisha vibaya, na mkufunzi ameona. Basi hufanya haraka kulifuta lisionekane. Husema, "Hapana, mwingine?" na huendelea kuuliza mpaka apatikane mtoto wa kusema 25, hapo hushusha pumzi, darasa hupiga makofi, somo huendelea. Ukikaa nyuma unaona dhahiri kwamba kilichookolewa ni uso wa mwalimu. Mtoto wa 35 amebaki na 35 yake.

Sasa tumtazame mtoto huyo. Amepataje 35? Katika mamoja ameona 2 na 7, akatoa 2 katika 7, akapata 5. Katika makumi ametoa 2 katika 5, akapata 3. Hakukisia. Amefuata kanuni, na kanuni hiyo huenda alifundishwa nasi wenyewe katika madarasa ya chini, pale tuliposema kwamba namba ndogo ndiyo itolewayo katika namba kubwa, basi. Kosa lake ni utii. Mwalimu akiligundua hilo, hata kwa dakika moja, hawezi tena kujitazama, kwa sababu jambo lililo mbele yake linavutia kuliko shati lake. Ataketi kando ya mtoto na kumpa mafungu matano ya vijiti kumi kumi pamoja na vijiti viwili. Atamwambia, "Nipe ishirini na saba." Mtoto atatoa mafungu mawili bila shida. Kisha atatafuta vijiti saba, ataona viwili, atamtazama mwalimu. Hapo mwalimu anyamaze. Watoto wengi, wakiachwa, mkono wao huanza wenyewe kufungua kamba ya fungu moja. Sasa kuna vijiti kumi na viwili. Akitoa saba hubaki vitano, na mafungu mawili kando yake. Ishirini na tano. Mtoto huyo akiulizwa kuhusu 35 yake, hulifuta mwenyewe, wala hakuna aliyefedheheka.

Nimelieleza somo hili kwa urefu kwa sababu ndilo ninalolitumia kuwatibu wanachuo wangu, kama neno kutibu halijapita kiasi. Mwanachuo akiniambia kwamba anatetemeka, simshauri avute pumzi ndefu, ingawa kuvuta pumzi si vibaya. Humpa kazi: kesho uniletee makosa matatu ya watoto, na uniambie kila mtoto amepitia njia gani kufika huko. Huwezi kulitafuta jambo hilo huku umesimama ubaoni ukijihurumia. Yakubidi utembee kati ya madawati, uiname, usome, uulize, "Nionyeshe ulivyofanya." Watoto nao, wakiona macho ya mwalimu yamo katika daftari zao, huacha kumkodolea. Kwa hiyo lipange somo lako ili watoto waanze kushika kitu au kuandika mapema, wala usijilazimishe maelezo marefu ya mwanzo ambayo yanakuweka peke yako mbele yao kama mshitakiwa.

Kuna jambo la kimya. Mtafiti Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba walimu baada ya kuuliza swali husubiri yapata sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa wakikaa kimya walianza kujibu. Jambo ni rahisi mno, lakini mwalimu mgeni halitekelezi hata akilijua. Kwa nini? Kwa sababu hukidhani kimya kile ni chake, kwamba darasa limenyamaza kwa ajili ya upungufu wake. Kumbe ni cha mtoto anayefikiri. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, huku ukizitazama nyuso zao. Mwanzoni utaona sekunde tatu ni ndefu kama juma.

Wanachuo wengine huikimbia nafsi yao kwa kuazima ya mtu mwingine. Nimemsikia kijana mpole, ambaye bwenini huzungumza taratibu na kuchekesha wenzake, akiingia darasani na kunguruma kwa sauti ya mkufunzi wake wa Hisabati, hata kikohozi cha mkufunzi akakichukua. Watoto walimtii kwa dakika tano, kisha wakaanza kumjaribu, maana mtoto hutambua upesi vazi lisilomtosha aliyelivaa. Kujifunza kwa mkufunzi ni wajibu. Chukua mpangilio wa ubao wake, chukua maswali yake. Sauti mwachie. Kama wewe ni mpole, fundisha kwa upole na uwasogelee. Kama ni mchangamfu, changamka. Mfupi asisimame juu ya kiti ili aonekane mrefu, bali aandike pale mkono unapofika, na watoto wataisoma kazi yake.

Kuhusu matamshi, nisieleweke vibaya. Mwalimu wa shule ya msingi ni kielelezo cha lugha, na yampasa ajizoeze r na l, na dh na z, mpaka ayaweze. Mimi nilijizoeza, na bado huteleza nikichoka. Lakini kujizoeza kuna mahali pake, nako ni nyumbani na chuoni. Mbele ya watoto ukiteleza, rudia neno kwa usahihi uendelee. Hali kadhalika kosa la ubaoni. Mtoto akikuambia umeandika 6 mahali pa 9, mshukuru, sahihisha, endelea. Ni sekunde nne. Ukijaribu kulificha itakuchukua kipindi kizima.

Yafaa pia niseme kwamba si kila tetemeko linatokana na kujishtukia. Mwanachuo ambaye hajajua mwenyewe kwa nini kumi moja huvunjwa kuwa mamoja kumi ana haki kamili ya kuogopa, na dawa yake si kujisahau. Akasome.

Nasi wakufunzi tuna lawama. Fomu nyingi tunazotumia kuwapima wanachuo zina mstari wa kujiamini na wenye alama zake. Mwanachuo anaujua mstari huo, na akituona tumeketi nyuma na kalamu, hulazimika kutuigizia kujiamini kwa sauti kubwa na hatua ndefu. Hivyo twamtaka atusahau huku tukimpa alama kwa kutukumbuka. Mimi sasa, nikiingia darasani, simami wala siketi pale nyuma kwa muda mrefu. Huchukua nafasi dawatini pamoja na watoto na kutazama daftari zao, na kumpima mwalimu kwa kile kilichomo humo. Wenzangu wengine huona kwamba njia hiyo hupunguza heshima ya mkufunzi. Huenda wana haki yao, lakini bado sijaona hasara yake.

Si zamani sana nilikwenda kumwona mwanachuo mmoja mwenye kigugumizi. Nakiri kwamba njiani nilikuwa na wasiwasi kwa niaba yake, na hata nilikuwa nimekwisha kufikiri maneno ya kumfariji. Mwalimu wa darasa alinieleza kwamba siku ya kwanza kijana yule alisimama mbele ya Darasa la Tatu na kusema kwamba maneno yake mengine huchelewa njiani, basi wamsubiri, yatafika. Hakueleza zaidi, akagawa vijiti.

Somo nililolikuta lilikuwa ni lile lile la kuvunja kumi. Aliuliza swali; neno "vijiti" likamkwama mwanzoni kabisa. Watoto walisubiri, vidole vyao vikiwa juu ya mafungu, kama watu wanaongoja maji yajae ndoo. Neno likaja, wakaanza kazi. Baadaye mvulana mdogo wa dawati langu aliitwa kujibu, akasita muda mrefu, na hakuna hata mmoja aliyemdakia jibu; walimsubiri kwa utulivu uleule. Alipokuwa akihesabu aligundua kwamba vijiti vyake havifiki kumi na viwili, akanitazama kwa hasira kidogo, nami nikainama kutafuta chini ya dawati. Kilikuwa karibu na kiatu changu. Kengele ilipolia niliitazama fomu yangu, nikaona nimejaza tarehe, jina la somo na idadi ya watoto, na sehemu yote iliyosalia ni nyeupe.